Daftari Moja kwa Dunia Nzima: Mzozo wa Upana wa Bitcoin na Nia za Wateteaji Wake

Yapo maswali ambayo mchungaji huulizwa baada ya ibada, nje ya mlango wa kanisa, na ambayo hakuyasomea chuoni. Mojawapo katika miaka hii ni swali la sarafu za kripto, na hasa ile iliyozitangulia nyingine zote, yaani Bitcoin. Muulizaji aweza kuwa kijana aliyemaliza masomo na hana kazi, au mzee wa usharika aliyepokea kiinua mgongo chake, au hata mtunza hazina anayetaka kujua kama akiba ya kikundi yafaa kuwekwa huko. Mara nyingi swali huja likiwa limekwisha kuvikwa ahadi: kwamba hii ni fedha ya watu wote, isiyo na mwenye benki wala serikali, itakayomwezesha maskini wa kijijini kutuma na kupokea sawasawa na tajiri wa New York.

Katika makala haya hatukusudii kuzungumzia bei ya sarafu hiyo, wala kumshauri mtu anunue au asinunue. Twataka kulichunguza neno moja tu katika ile ahadi, nalo ni neno "wote". Je, daftari la Bitcoin laweza kuwabeba watu wote? Na wale walioshindana kwa miaka mingi juu ya jawabu la swali hilo, walisukumwa na nini? Maswali haya mawili hayatenganiki kwa urahisi. Kila aliyejaribu kulijibu la kwanza alijikuta ameshitakiwa kwa ajili ya la pili.

Yafaa tuanze na jambo tunalolifahamu. Mtu wa Moshi anapomtumia ndugu yake wa Mbeya shilingi 20,000 kwa M-Pesa, hakuna noti inayosafiri. Kampuni ya simu, katika daftari lake, hupunguza tarakimu kwenye jina la mmoja na kuiongeza kwenye jina la mwingine. Daftari ni la kampuni, nasi twaliamini kwa sababu twaiamini kampuni pamoja na Benki Kuu inayoisimamia. Benki nayo hufanya vivyo hivyo. Katika utaratibu huu yuko mtu mmoja mwenye kalamu, na wengine wote humtegemea.

Mtu aliyejiita Satoshi Nakamoto, ambaye hata leo hajulikani ni nani, alitoa waraka wa kurasa tisa tarehe 31 Oktoba 2008, akapendekeza daftari lisilo na mwenyewe. Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo una tarehe ya 3 Januari 2009, na ndani yake aliweka kichwa cha habari cha gazeti la The Times la London la siku hiyo, kilichoeleza kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa karibu kuyaokoa mabenki kwa mara ya pili. Nia yake ya kwanza, basi, haikufichwa sana. Mabenki yalikuwa yameponda imani ya watu, naye alitaka fedha isiyohitaji imani ya namna hiyo.

Utaratibu wenyewe, kwa ufupi, ni huu. Kila baada ya dakika kumi hivi, ukurasa mmoja wa miamala hufungwa na kuunganishwa na kurasa zilizoutangulia, hata isiwezekane kuufuta mmoja bila kuivuruga yote inayoufuata. Wanaoufunga huitwa wachimbaji. Hao hushindana kwa kompyuta zenye nguvu nyingi, na mshindi hupewa sarafu mpya pamoja na ada za waliotuma. Lakini mbali na wachimbaji wako watu wengine, nasi tutawaita wakaguzi, ambao wametunza nakala kamili ya daftari zima katika kompyuta zao wenyewe, na ambao hupitia kila mstari wa kila ukurasa kuona kama sheria zimefuatwa. Mkaguzi halipwi kitu. Yeye hukagua ili asilazimike kumwamini mtu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo letu. Mstari mmoja katika daftari la benki huandikwa mara moja, pengine na nakala mbili tatu za tahadhari. Mstari mmoja katika daftari la Bitcoin hunakiliwa na maelfu kwa maelfu ya kompyuta duniani, nao hutunzwa milele. Muamala wa kununulia kikombe cha kahawa mwaka 2012 ungali ukihifadhiwa leo na kila mkaguzi, pamoja na mamia ya gigabaiti za kumbukumbu nyingine. Kadiri kurasa zinavyopanuliwa ndivyo gharama ya kuwa mkaguzi inavyopanda, na kadiri gharama inavyopanda ndivyo wakaguzi wanavyopungua. Wakibaki wachache wenye majengo makubwa ya kompyuta, daftari litakuwa limerudi kwa wenye kalamu wale wale waliokimbiwa.

Mwaka 2010 Nakamoto mwenyewe aliweka mpaka: ukurasa usizidi megabaiti moja. Inaelekea alitaka kuzuia watu wakorofi wasiujaze mtandao mchanga kwa takataka. Mpaka huo, kwa makisio ya juu ambayo hutajwa mara nyingi, waruhusu miamala kama saba kwa sekunde, na kwa mazoea ilikuwa mitatu au minne tu. Tuchukue hiyo saba. Kwa siku moja ni miamala kama 600,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 nchini Tanzania. Kama daftari lote lingeachiwa Watanzania peke yao, wala mtu mwingine ye yote duniani asiliguse, ingechukua zaidi ya siku mia moja kila mmoja wetu apate zamu ya kutuma mara moja. Kwa watu bilioni nane wa dunia nzima, zamu hiyo moja ingechukua zaidi ya miaka thelathini na sita. Twamwomba msomaji aifanye hesabu hiyo mwenyewe kwa kalamu na karatasi, kwa maana ni rahisi, na mtu akiisha kuifanya hawezi tena kulisikia neno "wote" kama alivyolisikia kwanza.

Wala si kwamba jambo hili liligunduliwa baadaye. Mtu wa kwanza kumjibu Nakamoto hadharani, mapema Novemba 2008, kabla sarafu yenyewe haijakuwapo, aliitwa James A. Donald. Alisema kwamba mfumo wa namna hiyo wahitajiwa sana, lakini jinsi alivyouelewa hauelekei kuweza kukua kufikia ukubwa unaotakiwa. Nakamoto alijibu kwamba mwanzoni watumiaji wengi wangetunza daftari wenyewe, lakini mtandao ukikua kazi hiyo ingeachiwa zaidi na zaidi wataalamu wenye mitambo mikubwa. Mwaka 2010, alipoulizwa juu ya ule mpaka wa megabaiti moja, alionyesha jinsi ambavyo ungeweza kuongezwa baadaye kwa kuandika mapema katika programu namba ya ukurasa ambapo mpaka mpya ungeanza. Mwaka 2011 aliacha kuwasiliana na wenzake, asionekane tena.

Wanafunzi wa theolojia watatambua mara moja hali iliyofuata. Mwanzilishi ameondoka, ameacha maandiko machache, na katika maandiko hayo yamo mpaka alioweka kwa mkono wake pamoja na maneno ya kuonyesha kwamba mpaka huo ni wa muda. Hakuacha mrithi mwenye mamlaka ya kufasiri. Je, kifuatwe alichokifanya au alichokisema? Na waraka wake wa 2008, ambao katika kichwa chake unaiita Bitcoin fedha taslimu ya kielektroniki, uchukuliwe kama ahadi inayowafunga waliobaki, au kama maelezo ya wazo lililokuwa bado changa? Pande zote mbili zilimnukuu Nakamoto kwa juhudi ambayo tungefurahi kuiona katika mitihani yetu ya ufafanuzi.

Mzozo ulianza kuwaka mwaka 2015. Upande mmoja walisimama Gavin Andresen, ambaye Nakamoto alimwachia usimamizi wa programu, na Mike Hearn, aliyekuwa zamani mhandisi wa kampuni ya Google. Mwezi Agosti 2015 walitoa programu iliyoitwa Bitcoin XT, iliyokusudia kuupanua ukurasa hadi megabaiti nane na kuendelea kuuongeza maradufu kila baada ya miaka miwili, hadi ufikie gigabaiti nane. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: watu wanaongezeka, kurasa zimeanza kujaa, diski na mitandao hupungua bei mwaka hadi mwaka, kwa nini tuwafungie watu mlango? Upande wa pili walikuwa wengi wa watengenezaji wa programu ya asili, kama Gregory Maxwell, pamoja na Adam Back. Hawa walisema kwamba kurasa pana hazitatui neno, zinaliahirisha tu. Mtandao wa kadi za Visa, kwa kipimo kilichotumika katika mjadala ule, ulipata kufikia miamala 47,000 kwa sekunde wakati wa sikukuu. Kuibeba yote katika daftari la Bitcoin kungehitaji ukurasa wa gigabaiti nane kila dakika kumi, yaani zaidi ya terabaiti 400 kwa mwaka. Mtu wa kawaida hawezi kukagua daftari kama hilo, na asipoweza kulikagua, kwa nini asitumie Visa?

Sisi twaona kwamba katika hesabu tupu upande huu wa pili ulikuwa na haki. Lakini twaona pia kwamba haki hiyo ilikuwa na gharama, na gharama hiyo haikuangukia walioitetea.

Januari 2016 Hearn alitangaza kwamba jaribio la Bitcoin limeshindwa, akauza sarafu zake zote. Mwezi uliofuata baadhi ya wachimbaji na watengenezaji wa programu walikutana Hong Kong wakapatana, mapatano hayakudumu. Mei 2017 makampuni zaidi ya hamsini, pamoja na wachimbaji wenye sehemu kubwa ya nguvu za mtandao, walipatana New York kwamba yafanyike mambo mawili: kwanza marekebisho yaliyoitwa SegWit, ambayo huzihesabu saini za miamala kwa namna nyingine na hivyo kuongeza nafasi kidogo, na kisha ukurasa wa megabaiti mbili. Mtu asiyeujua mfumo huu angedhani mambo yamekwisha, maana wenye mitambo na wenye biashara walikuwa wamekubaliana. Haikuwa hivyo. Watumiaji wengi walikuwa wametangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Agosti 2017 kompyuta zao zingeikataa kila kurasa ya mchimbaji asiyeonyesha kuikubali SegWit. Walikuwa wakaguzi wasiolipwa, wengine wakiwa na kompyuta ndogo tu za nyumbani. Wachimbaji walikubali kabla ya siku hiyo, SegWit ikaanza kutumika Agosti 24, na ile sehemu ya pili ya mapatano ya New York ikafutwa Novemba 8.

Waliotaka kurasa pana hawakungoja. Tarehe 1 Agosti 2017 walijitenga na daftari lao, lililofuata historia ile ile hadi siku hiyo kisha likaenda njia yake. Waliliita Bitcoin Cash, wakaupa ukurasa megabaiti nane. Miongoni mwa watetezi wake wakuu alikuwa Roger Ver, mwekezaji wa siku za mwanzo aliyekuwa akiwagawia watu sarafu na kuwahubiria habari zake kwa bidii hata akapewa jina la Yesu wa Bitcoin. Jina hilo hatulipendi, lakini lasema kitu juu ya roho iliyokuwamo.

Sasa tuje kwenye nia. Hearn aliposema Bitcoin imeshindwa, wapinzani wake walijibu kwamba alikuwa amekwisha kuajiriwa na R3, shirika lililoundwa na mabenki. Watengenezaji wa programu walipokataa kurasa pana, waliambiwa kwamba kadhaa wao waliajiriwa na Blockstream, kampuni iliyoanzishwa 2014 na iliyopata mwaka 2016 dola milioni 55 kutoka kwa wawekezaji, mmoja wao ukiwa mkono wa uwekezaji wa kampuni ya bima ya AXA. Ilidaiwa kwamba kampuni hiyo yataka barabara kuu ibaki nyembamba ili iuze njia za pembeni. Wachimbaji walipoipinga SegWit, Maxwell alieleza mwezi Aprili 2017 kwamba mashine za kuchimba za mtengenezaji mmoja zina hila ya kuokoa umeme ambayo SegWit ingeiharibu. Bitmain, mtengenezaji mkubwa wa mashine hizo kutoka China, ilikiri kwamba mashine zake zina uwezo huo ila ikakana kuutumia katika mtandao wenyewe. Na Ver aliambiwa kwamba anatetea biashara zake tu.

Ni vema tukumbuke jambo ambalo twawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza: faida ya msemaji haiigeuzi hoja yake kuwa uongo. Muuza mwavuli aweza kusema kweli kwamba mvua inakuja. Hata Katekisimo Ndogo, inapoieleza amri ya nane, inatutaka tuyafasiri mambo ya jirani kwa upande ulio mwema, na twakiri kwamba tulipozisoma habari za mzozo huu hatukuona wengi waliojaribu kufanya hivyo. Lakini upo ugumu wa pekee hapa. Katika mabishano mengi twaweza kumtafuta shahidi ambaye hana fungu lake ndani yake. Daktari aweza kueleza faida ya dawa asiyoiuza. Katika Bitcoin, karibu kila mwenye ujuzi wa kutosha kushuhudia alikuwa ana sarafu, na bei ya sarafu zake ilitegemea watu wengine waamini nini. Jambo hili haliwafanyi kuwa wadanganyifu. Lawafanya wasiweze wenyewe kujua ni wapi hoja yao inapokoma na matumaini ya mfukoni yanapoanza.

Hilo lilidhihirika katika badiliko la lugha. Mwanzoni wateteaji walijivunia kwamba mtu aweza kununua kitu cho chote kwa Bitcoin, na Mei 22 mwaka 2010 yule mtengenezaji wa programu Laszlo Hanyecz aliyetoa bitcoin 10,000 kwa piza mbili anakumbukwa hata leo kila mwaka. Kisha kurasa zikajaa. Desemba 2017, bei ilipokaribia dola 20,000, wastani wa ada ya muamala mmoja ulipita dola 50 katika siku kadhaa. Steam, duka la michezo ya kompyuta, liliacha kupokea Bitcoin mwezi huo kwa sababu ya ada. Ndipo lugha ya fedha taslimu ilipofifia na ile ya dhahabu ya kidijitali ikashika nafasi: Bitcoin si ya kununulia chai, ni ya kuwekea akiba, na dhahabu haibebwi sokoni. Msomaji aliyelelewa na hadithi zetu atamkumbuka sungura aliyeruka mara nyingi asizifikie ndizi, akaondoka akisema, "Sizitaki mbichi hizi."

Hata hivyo yatupasa kutenda haki. Wako waliosema hivyo kabla ya kuruka. Hal Finney, aliyepokea muamala wa kwanza kutoka kwa Nakamoto mnamo Januari 2009, aliandika Desemba 2010 kwamba daftari hili haliwezi kubeba kila muamala wa dunia, na kwamba yatatokea mabenki ya Bitcoin, yenye kutoa fedha zao wenyewe juu ya akiba ya sarafu hizo. Finney alikwisha fariki mwaka 2014, kabla ya mzozo kuanza, na hakuna awezaye kudai kwamba alitafuta udhuru.

Neno lake hilo, kwamba yatakuwapo mabenki, ndilo tungependa wasomaji wetu walitafakari zaidi. Nafasi katika ukurasa ikiwa chache, hupewa anayetoa ada kubwa, na ada hiyo haikadiriwi kwa kiasi cha fedha kinachotumwa bali kwa nafasi ambayo mstari wake unakalia ukurasani. Anayetuma dola milioni kumi aweza kulipa sawa na anayetuma dola kumi. Tena liko jambo ambalo watangazaji hawalitaji. Aliyekusanya fedha yake kidogo kidogo, mara mia moja, kama zinavyokusanyika senti katika kikapu cha sadaka, anapotaka kuituma yote kwa pamoja hulazimika kuionyesha kila senti moja moja na kuitilia saini, na mstari wake huwa mrefu. Kwa hiyo hulipa ada kubwa kuliko tajiri aliyepokea fedha yake kwa mkupuo. Hatusemi kwamba mtu fulani alikaa akalitunga hilo ili kuwaonea maskini. Ni tabia ya daftari lenyewe.

Mtu wa fedha kidogo, basi, afanye nini? Huiacha sarafu yake katika kampuni ya kubadilishia. Huko hana mstari wake katika daftari kuu hata kidogo; ana tarakimu katika daftari la kampuni, kama mteja wa benki, ila pasipo ulinzi ambao sheria humpa mteja wa benki. Mt. Gox ya Tokyo, iliyokuwa kubwa kuliko nyingine zote wakati wake, ilianguka Februari 2014 pamoja na mamia ya maelfu ya bitcoin za wateja. FTX iliyokuwa Bahamas ilianguka Novemba 2022. Waliopotelewa walikuwa wamevutwa na fedha isiyohitaji kumwamini mtu, na walipotelewa kwa sababu walimwamini mtu.

Watetezi wa kurasa nyembamba walikuwa na jawabu, nalo si la kudharauliwa. Mwaka 2015 Joseph Poon na Thaddeus Dryja walianza kueleza mpango ulioitwa Lightning. Tuufananishe na daftari la mkopo katika duka la mtaani. Mteja na mwenye duka hawaendi benki kwa kila mkate. Wanaandikiana, na mwisho wa mwezi wanamaliza hesabu. Kadhalika watu wawili huweka kiasi cha sarafu pamoja kwa mstari mmoja katika daftari kuu, kisha hulipana mara nyingi watakavyo nje ya daftari hilo, na mwishowe huandika mstari mmoja wa kufunga. Tofauti na duka ni kwamba hesabu zao hulindwa kwa saini ambazo asiye mwaminifu hawezi kuzigeuza bila kuadhibiwa. Tangu 2018 mpango huo unafanya kazi, na katika malipo madogo ni wa haraka na wa bei nafuu. Lakini kufungua na kufunga bado kwahitaji mstari katika daftari kuu. Poon na Dryja wenyewe walikiri kwamba watu bilioni saba, kila mmoja akifungua mara mbili tu kwa mwaka, wangehitaji ukurasa wa megabaiti 133. Ukurasa wa leo, hata baada ya SegWit, kwa kawaida haupiti megabaiti mbili. Ndiyo maana wengi wanaotumia Lightning huitumia kupitia kampuni inayowatunzia sarafu zao. Unabii wa Finney umerudi tena.

El Salvador ililijaribu jambo hili kwa nchi nzima. Septemba 7, 2021, Bitcoin ilifanywa kuwa fedha halali pamoja na dola, na serikali ikampa kila raia aliyejiandikisha katika programu yake, iliyoitwa Chivo, zawadi yenye thamani ya dola 30. Wengi waliichukua zawadi, wakaitumia, wasiirudie programu hiyo. Januari 2025, baada ya makubaliano ya mkopo na Shirika la Fedha la Kimataifa, bunge lilibadili sheria na wafanyabiashara hawalazimiki tena kuipokea.

Na waliojitenga je? Bitcoin Cash ina nafasi tele na ada zake ni senti chache. Lakini watu hawakuhamia huko kwa wingi uliotazamiwa, na Novemba 2018 nao waligawanyika, kundi moja likimfuata Craig Wright aliyedai kuwa yeye ndiye Nakamoto. Mahakama Kuu ya London iliamua Machi 2024 kwamba siye. Hapa hoja ya kurasa pana ilipata pigo ambalo wapinzani wake hawakulitia: ilionekana kwamba wenye sarafu, kwa sehemu kubwa, hawakuwa wakitafuta mahali pa kutumia. Walitafuta mahali pa kuweka, wakingoja ipande. Daftari jembamba liliwatosha.

Zipo sarafu nyingine zenye daftari pana zaidi, na huko nako hubishaniwa ni wangapi wawezao kulikagua, hatutaziingia hapa. Katika nchi zetu, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, na Kenya ilipitisha mwaka 2025 sheria ya kuwasimamia wanaotoa huduma zake. Mchungaji anayeulizwa na mtunza hazina afahamu hayo kabla ya kujibu, na amwulize naye: ufunguo wa siri utakuwa mikononi mwa nani, na ada ya kuitoa fedha hiyo siku ya msiba ni kiasi gani?

Swali hilo la ada halitaisha upesi. Zawadi ya mchimbaji hupunguzwa nusu kila baada ya miaka minne hivi. Ilianza na sarafu 50 kwa ukurasa, na tangu Aprili 20, 2024 ni 3.125. Itakapokuwa ndogo mno, wachimbaji watapaswa kuishi kwa ada, na ada huwa kubwa pale tu kurasa zinapojaa. Siku ile ile ya Aprili 2024 kulikuwa na msongamano wa watu walioandika humo alama za kubahatisha, na wastani wa ada ukapita dola 100 kwa muamala. Tangu 2023 wengine wameweka hata picha ndani ya kurasa hizo. Mwaka 2025 wakaguzi waligombana upya: je, picha hizo ni takataka za kuzuiwa, au ni wateja halali waliolipa nauli yao? Na kila upande, kama ilivyokuwa 2015, umeuliza mwenzake analipwa na nani.